Nyanya Alipocheka wa Kwanza

Juzi pale mjini Maua nilinunua filamu ya zamani ya vichekesho, isiyo na sauti, niongeze kwenye zile ninazokusanya. Papo hapo nikasikia harufu ya maganda ya kahawa ya Githongo, kijiji nilikokulia.

Jioni moja ya utotoni, ukumbi wa kanisa ulikuwa umezibwa madirisha kwa blanketi ili tuoneshwe filamu kama hiyo. Katekista, aliyezoea kututafsiria kila filamu kwa Kimeru, alishika kipaza sauti akakosa la kutafsiri, kwa kuwa hii haikuwa na maneno. Nyanya, ambaye siku zote alisubiri tafsiri ndipo acheke, siku hiyo alicheka kabla ya wote mwigizaji mmoja mwembamba alipokalia ndoo ya rangi.

"Huyu kijana ni wa kwa nani?" aliniuliza, akifuta machozi.

Niliamini ni Mmeru mwenzetu, nikamtafuta sokoni. Sasa najua alitoka ng'ambo. Lakini kila nikiweka filamu, bado namsubiri nyanya aanze kucheka.