Ua la Kaburi la Gidabuday

Mpaka leo, ukimtajia Benedikta wa kule Dirma habari za wataalamu wa mimea, anakunja uso kama mtu aliyekanyaga mavi. Usimlaumu.

Nyuma ya boma lao palikuwa na tuta la kaburi la baba yake, mzee Gidabuday, na juu yake liliota ua dogo la zambarau lisiloonekana kwingine. Hakuna aliyelichuma. Kwao, kilichoota kaburini hakiguswi mpaka mtoto wa marehemu aruhusu.

Basi mwaka sabini na tisa akaja Bwana Patriki, mtaalamu, ndani ya Landrova ya shamba la ngano. Akasema ua hilo halijaandikwa popote duniani, na yeye ndiye atakayelipatia jina la kitaalamu.

"Chukua," Benedikta akamwambia, "lakini liitwe Gidabuday."

Patriki akakubali, wakanywa pombe ya asali kwenye kibuyu kimoja. Kwa Benedikta, hapo ahadi imefungwa, hakuna cha karatasi. Kumbe mwenzake alidhani amekaribishwa kinywaji tu! Akang'oa miche mitano, akaibana kwenye magazeti, huyoo mjini Katesh.

Msimu uliofuata shamba likasogea. Meneja aliambiwa pale ni kaburi, akasema yeye anaona kichuguu. Trekta likapita, ngano ikapandwa juu ya mzee wa watu. Loo, watu wengine! Tangu siku hiyo Benedikta hatii mkate mdomoni.

Miaka mitatu baadaye Patriki huyo tena, meno nje, kitabu mkononi. "Mama, ua letu limetoka kitabuni!"

Benedikta alisoma misheni. Akalitafuta jina la baba yake kwenye ukurasa, asilione. Ua lilikuwa limepewa jina la meneja.

"Ndiye aliyenipa gari na mafuta," Patriki akasema, wala haya hana. "Ndivyo tunavyofanya, mama. Ila wadudu wamekula ile miche yote, sasa nahitaji mbegu. Ua limebaki wapi?"

Benedikta alijua. Mche mmoja alikuwa ameuhamishia nyuma ya zizi la mbuzi siku alipoona vigingi vya mpaka mpya wa shamba, na sasa ulikuwa hatua kumi tu kutoka alipokuwa amesimama Patriki. Akamtazama kuanzia kofia mpaka soksi.

"Nenda kwa mwenye jina," akamwambia. "Akuonyeshe alipolilima."