Picha za Sahani Kutoka Bruxelles

Admin, nakuomba jina langu ulifiche, na la marehemu pia. Mimi ni mjane wa miaka arobaini na mbili, mama wa watoto watatu. Ninaishi Likasi, huku mtaa wa Panda, jirani na mama mkwe wangu. Sikusoma sana, kwa hiyo mnivumilie. Mume wangu alifia Bruxelles miezi saba iliyopita. Nimemlilia, bado namlilia, lakini leo siandiki kwa ajili ya kilio. Ninaandika kwa sababu alinisaliti, na hapa sina mtu wa kumwambia.

Sikilizeni kwanza jambo dogo. Mwaka wa kwanza wa ndoa, kazi yake ilipopotea, tulikuwa tunapika bukari, ugali wetu, mara moja kwa siku. Yeye alikuwa anasukuma sahani upande wangu: "Minye nilishakula ku njia, mama. Kula weye." Halafu anatoka uani. Siku moja nilimfuata, nikamkuta anakunywa maji, kikombe juu ya kikombe.

"Juu ya nini unanidanganya?"

"Tumbo ya mwanaume haisemake," akajibu huku akicheka.

Mimi sikucheka. Nilikata tonge la bukari, nikamwekea mkononi, nikamwambia aape kwamba hataniambia tena "nilishakula" kama hajala. Akaapa, "Mungu moja," akalila lile tonge. Katika miaka kumi na sita ya ndoa, hicho ndicho kiapo pekee nilichomwomba.

Alipokwenda Ubelgiji, kila Jumapili baada ya misa picha iliingia kwenye simu yangu: samaki mwenye limau, nyama yenye mchuzi mzito, viazi vilivyopangwa kama maua. Chini yake ameandika: "Nilishakula, mama." Alizituma pia kwenye kundi la familia. Mama mkwe alichagua ile ya samaki, akaenda kuichapisha mjini, akaitundika ukutani pembeni ya msalaba. Kila mgeni alionyeshwa. Nami siwafichi, kuna siku niliona wivu. Nilikuwa nimewapikia watoto mboga za lengalenga bila mafuta, picha ikaingia, nikampigia.

"Weye ulishatusahau. Unakula peke."

Nilisikia maji yakimwagika na sahani zikigongana, nikadhani anaosha vyombo vyake nyumbani.

"Hapana kusema vile, mama. Nafikiriaka batoto kila siku."

Kusafirisha mwili kulitushinda, akazikwa kulekule. Baadaye rafiki yake aliyeishi naye chumba kimoja aliniletea begi lake kwa mkono wa msafiri. Ndani mlikuwa na rozari, koti, na aproni nyeusi yenye harufu ya mafuta ya kukaangia. Nikampigia simu huyo rafiki kumuuliza aproni ni ya nani. Alilia kwanza.

"Mama, unisamehe. Alikuwa anaosha masahani ku restora. Ile foto yote ni chakula ya baclient. Alikuwa anaipiga kabla baipeleke ku meza."

"Na yeye alikuwa anakula nini?"

"Mukate. Siku ingine chai tu. Patron wa restora alikatazaka kugusa hata mabaki. Huku, mama, hatukulake. Nyumba njo inatukulaka. Chumba, umeme ya kufukuza baridi, tiketi ya kuenda ku kazi, vyote vinakula mbele yako. Ile kidogo inabakia, aliituma kwenu. Aliniapisha: mama yake asijue, na weye usijue."

Niliifungua simu yangu, nikazitazama picha zote, moja baada ya nyingine. Katika kila picha uma ni safi, na kitambaa cha kufutia mikono bado kimekunjwa. Miaka mitatu nilizitazama. Macho yangu yalikuwa kwa samaki.

Mtasema ni upendo. Najua. Lakini mimi ndiye niliyemwapisha kwa tonge, na yeye akanifanya niwe mwanamke anayemwonea wivu mtu mwenye njaa. Hilo bado sijaweza kumsamehe.

Sasa mama mkwe anauza nyumba yake, ile ya kambi ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi aliyoachiwa na mume wake, ili mwanawe wa mwisho naye aende Bruxelles. Shemeji huyo ana miaka thelathini, anaendesha pikipiki ya abiria. Jana nilijaribu, polepole.

"Mama, kule maisha iko nguvu. Chumba tu inamaliza mushahara."

Shemeji akacheka. "Mulamu, banipatie ile samaki tu, minye nitakula na mifupa yake!"

Mama hakucheka. Alinyoosha kidole ukutani.

"Njala iko wapi pale? Unamukatalia mudogo yake juu weye ulishapata yako? Mutoto yangu alikufa, lakini alikufa mwenye kushiba. Ile tu njo inanilalishaka usingizi."

Kisha akainuka, akaifuta ile picha vumbi kwa pindo la kitenge chake, kama anavyofanya kila asubuhi.

Mnunuzi anarudi Jumamosi na karatasi za kutia sahihi. Nikisema, nitakuwa nimemuua mwanawe mara ya pili, na safari hii kwa njaa. Nikinyamaza, nyumba itakwenda, na huyu naye ataanza kututumia picha. Ninyi mliowahi kuishi ugenini, na ninyi mnaopokea picha kama mimi, niambieni: nimshike mama mkono nimwonyeshe ule uma safi, au nimwache mwanawe abaki ameshiba?