Paa la Turubai la Lempi Harju

Shemeji yangu Lempi Harju alinunua gari la jipu lenye paa la turubai mwezi wa Julai, mwezi ambao huku kwetu kila mtu huwa na akili za watu wa nchi za joto. Aliyemuuzia alikuwa daktari wa meno anayehamia Arizona kwenye jua, na hilo peke yake lingemtosha mtu kujiuliza kwa nini gari halihami naye. Lempi hakujiuliza. Alifungua zipu, akalikunja paa nyuma, akaja mpaka kwetu nywele zimesimama kama ufagio, akampigia honi mke wangu Aili, ambaye ni mdogo wake.

"Toka nje uone gari!"

Aili akatoka, akalizunguka, akaliminya turubai kwa vidole viwili kama mtu anayechagua parachichi sokoni.

"Dada, hili ni hema."

"Umeona wapi hema lenye injini?"

"Hema ni hema. Januari utafanyaje?"

"Januari iko mbali."

Lempi alikuwa mjane aliyeupita umri wa miaka sitini, na kazi yake ilikuwa kurekebisha sauti za piano. Huku kandokando ya Ziwa Superior, kaskazini mwa Marekani, kila kanisa lina piano, kila shule ina piano, na kila bibi ana yake ya kuwekea picha za wajukuu. Watu wakishawasha majiko ya kuni, hewa ya nyumbani hukauka na piano zote hupotea sauti kwa pamoja, kwa hiyo baridi ndiyo msimu wake wa mavuno. Yaani mwanamke anayekula kwa masikio yake, na anayesafiri theluji ikiwa imefika kiunoni, alikuwa amejichagulia gari la kitambaa. Hekima katika ukoo wa akina Harju ipo, ila lazima uwe na subira ya kuisubiri.

Ng'ambo ya barabara, mbele ya nyumba ya Lempi, aliishi Delbert Cloutier, mstaafu aliyeendesha greda la theluji la wilaya maisha yake yote. Katika gereji yake lilining'inia paa gumu la jipu kama lile lile, lililobaki baada ya mwanawe kulibingirisha gari lenyewe na kutoka mzima. Majani yalipoanza kuanguka, Delbert akawa anavuka barabara kila Jumamosi.

"Jirani, paa langu bado lipo."

"Na liendelee kuwepo."

"Nakufanyia bei ya ujirani."

"Delbert, ningetaka kupanda kopo ningenunua kopo."

Akacheka mpaka akashika kitambi, akarudi zake. Wiki iliyofuata akaja tena.

Novemba upepo wa ziwani ukafika. Paa likaanza kujipigapiga kama shuka kwenye kamba, na kila lori lililompita lilitaka kupaa nalo. Hita ilijitahidi sana, maskini. Ilipasha moto magoti, kisha joto likapenya turubai na kwenda kuwapasha kunguru. Madirisha ya plastiki yakawa magumu kama ngozi ya ng'ombe, na huwezi kugusa zipu yake asubuhi bila kuipasua. Siku moja nilisafiri naye. Nilimuuliza kama tumefika, akanijibu kwamba Aili hajambo.

Hayo yote Lempi aliyavumilia kwa uso wa mtu anayefurahia. Kilichomwumiza ni kanisa la Kilutheri lililo mwendo wa saa nzima kutoka kwetu. Alikwenda akarekebisha piano yao kabla ya Majilio, masikio yakiwa bado yamejaa mvumo wa njiani. Jumatatu yake Mchungaji Lund akampigia simu, kwa ile adabu ya watu wetu inayouma kuliko tusi.

"Mama Lempi, hatulalamiki."

"Basi umenipigia kunijulia hali?"

"Hapana, ni kwamba jana kwaya ilisikika... tofauti."

"Tofauti vipi?"

"Bibi mmoja alidhani tumeleta nyimbo za kisasa."

Lempi alishusha simu, akakaa. Aili aliniambia hakugusa chakula siku ile. Miaka yote ya kazi yake hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hakusikia vizuri. Kesho yake alirudi kule bila kuitwa, akakaa peke yake kwenye benchi la kanisa lenye baridi mpaka mvumo ukamtoka kichwani, ndipo akafungua piano na kuanza upya, uzi mmoja mmoja.

Mtu mwenye akili zake angetoka kanisani moja kwa moja mpaka kwa Delbert. Lempi alitangaza vita.

Kwanza alibandika plastiki za malengelenge, zile za kufungia vyombo, upande wa ndani wa paa zima. Pumzi zetu zikapanda, zikagota pale, zikaganda. Gari lilipopata joto, barafu ikayeyuka. Tulifika dukani mimi na yeye tumelowa chapachapa, na nje hakuna hata tone. Muuza duka alitutazama, akatazama mbingu, akaamua kutouliza.

Kisha akachukua zulia letu kuukuu la chumba cha chini, akalikata, akalitandika sakafuni. Hilo lilisaidia kweli, ngurumo ya magurudumu ilipungua. Ila lilikuwa zulia la marehemu mbwa wetu Musti, na hita ikiwaka Musti alifufuka. Akaziba mianya ya mlango wa nyuma kwa vipande vya sponji, akatundika blanketi zito nyuma ya viti vya mbele, ili hita ipashe watu wawili badala ya kuhangaika na sanduku la vyuma vya kazi na kuni zilizoko nyuma. Safari hiyo nilivua glavu moja. Ya pili niliiacha, sikutaka kujivuna.

Ikabaki kelele ya juu. Sasa, ghalani kwake Lempi ana piano zilizokufa, ambazo wenyewe walishindwa kuzitupa wakamtupia yeye. Ndani ya piano mna sufu iliyoshindiliwa, nene na laini, kazi yake ni kunyamazisha mbao zisigongane. Akaanza kuzichuna. Jioni za Desemba zote tulishona, mimi nikivuta uzi, Aili akivuta midomo. Lempi hakuigandisha sufu kwenye turubai. Aliikaza kwenye fito za paa, akaacha nafasi ya kidole katikati ili unyevu upate pa kupita. Nyingine ilikuwa nyekundu, nyingine kijani, nyingine nyeupe iliyogeuka njano kwa uzee. Ukiingia unaona hema la sultani aliyefilisika.

"Dada," Aili akasema, sindano mkononi, "hili paa sasa halitakunjika tena."

"Najua."

"Na ulilinunua kwa sababu linakunjika."

"Nilikuwa kijana."

"Ilikuwa Julai!"

"Ndiyo nasema."

Tulipotoka nalo mara ya kwanza, ulikuwa ukimya wa kutisha kidogo. Nilisikia saa yangu ya mkononi. Tulikwenda maili kadhaa kwa raha, mara Lempi akainamisha kichwa.

"Unasikia?"

"Sisikii kitu, shemeji."

"Gurudumu la nyuma, kushoto. Linaimba."

Fundi wa gereji alilifungua akakuta beringi imelika, imebaki kidogo ikatike. Bila shaka ilikuwa ikilia tangu Arizona ilipokuwa ndoto ya daktari wa meno, ila turubai lilikuwa likipiga kelele zaidi. Ndivyo amani ilivyo: ukishamnyamazisha jirani, unaanza kusikia ugomvi wa nyumbani kwako.

Januari, jioni moja ya upepo na theluji ya kupofusha, Lempi alikuwa akirudi kutoka shule moja, akaona taa za nyuma zikiwaka ndani ya mtaro. Lilikuwa gari jipya la Delbert, lenye viti vya kupasha makalio. Bingwa wa greda alikuwa amesimama pembeni, theluji imemjaa kwenye nyusi. Lempi akafungua mlango.

"Jirani, unauza na gari siku hizi?"

"Nicheke nikiwa ndani, tafadhali."

Akapanda, akafunga mlango, akaanza kusimulia kwa sauti ya juu jinsi kulungu alivyomkatiza.

"Delbert, mbona unapiga kelele?"

Akatazama juu, akapitisha kiganja kwenye sufu. Akavua kofia. Baadaye akafungua koti. Kwa mwendo mrefu hakusema neno, jambo ambalo mkewe Corinne hajawahi kulipata tangu wafunge ndoa. Kisha akaanza kuimba puani, taratibu, wimbo ambao mwanawe alipenda kuupiga kwenye gitaa.

"Unashuka chini ya sauti ya wimbo," Lempi akamwambia.

"Najua. Na mwanangu alikuwa akiniambia hivyo." Akatazama njia. "Tangu gari lile libingirike hapigi simu sana. Anadhani bado nina hasira naye. Mimi nilishituka tu, basi, na mtu akishituka anafoka."

"Umemwambia?"

"Hapana."

"Basi mwambie."

Akajikuna kidevu. "Na lile paa... heri hukulinunua, jirani. Lina ufa kutoka mbele mpaka nyuma."

Lempi karibu awapeleke wote wawili mtaroni. "Na umenitembezea bei ya ujirani miezi yote hii!"

"Ulikuwa unakataa vizuri. Nilizoea. Ungekubali, Jumamosi ningekwenda wapi?"

Walipofika nje ya nyumba yake, Delbert hakushuka. Wakaendelea kukaa, hita ikivuma chini chini, theluji ikitua juu ya turubai bila sauti. Corinne akawasha taa ya barazani, akaizima, akaiwasha. Mwishowe akatoka na mabuti ya mumewe na koti juu ya nguo ya kulalia, akaja akafungua mlango kwa nguvu.

"Delbert Cloutier, umekufa humo?"

"Funga mlango, mama, joto linatoka."

Corinne akaingiza kichwa, kisha bega. Akavuta harufu ya Musti bila kulalamika, akagusa ile sufu nyekundu.

"Sogea," akamwambia mumewe, akajibana naye kwenye kiti kimoja, akavuta mlango nyuma yake.