Mwandiko wa Baba kwenye Kadi ya Waranti

Friji la mama lilikufa siku ya kumi na tisa baada ya waranti yake ya mwaka mmoja kwisha. Nilizihesabu siku hizo kwenye kalenda ya ukutani, nikazirudia tena kwa kidole, labda nimekosea. Mimi ni mwalimu wa hesabu na nilijua kabisa kwamba sijakosea.

Mama anaishi Mbagala, kwenye nyumba aliyoijenga na baba chumba baada ya chumba. Mimi naishi Kibamba, upande mwingine kabisa wa jiji, na mume na watoto watatu ndani ya vyumba viwili na sebule. Mama ana sukari, ile ya kuchoma sindano asubuhi na jioni, na dawa yake haitaki joto wala haitaki kuganda. Kwa miaka mingi ilikaa kwenye friji la jirani, mwanamke mwema sana. Siku moja jirani alikisogeza kichupa kwenye barafu ili samaki wake wapate nafasi. Dawa ikaganda, ikayeyuka, na mama akaendelea kujichoma bila kujua kwamba anajichoma maji matupu. Tulimkuta sakafuni jikoni. Aliporudi kutoka hospitali baba hakumlaumu jirani. Alisema tu, "Dawa ya mke wangu haitalala tena nyumba ya mtu."

Baba alikuwa karani wa shehena bandarini mpaka alipostaafu. Maisha yake yote ya kazi alihesabu magunia na makasha yanayoshuka melini, akiandika kwenye fomu za nakala tatu zenye karatasi ya kaboni katikati. Alizoea kuikandamiza kalamu ili mwandiko ufike nakala ya chini. Hata alipostaafu, hata alipoandika vitu vya kununua sokoni, ukigeuza karatasi ulikuta herufi zake zimetuna nyuma, unaweza kuzipapasa. Tena alikuwa hawezi kuvumilia nafasi iliyoachwa wazi kwenye karatasi. "Nafasi tupu ni mlango wa mwizi," alizoea kusema, na kama hana cha kuandika alipiga mstari.

Nilikuwa naye siku aliyonunua friji, katikati ya Januari, kwenye duka moja la vyombo vya umeme Temeke. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu. Aligonga muhuri kwenye kadi ya waranti, akamsukumia baba bila kuandika tarehe.

"Mzee, hapo kwenye tarehe utajaza mwenyewe siku ukiliwasha. Sie wateja wetu tunawaachiaga hivyo."

Ilikuwa hisani, nami niliielewa. Ndivyo wanavyofanya wengi, na hakuna anayeona vibaya. Baba alimtazama yule kijana kwa huruma, akatoa kalamu mfukoni, akaandika tarehe ya siku ile ile. Kisha akaona kwa chini kuna mistari miwili, juu yake pameandikwa "Maelezo ya mteja".

"Hapa panaandikwa nini?"

"Chochote, mzee. Hakuna anayeandikaga hapo."

Baba akaandika polepole: Friji hili nimelinunua kwa ajili ya dawa ya mke wangu. Isipate joto. Akamrudishia kijana, akamwomba agonge muhuri mwingine juu ya maneno yale. Nilicheka. Nilimtania kwamba anadhani anapokea meli. Naye akacheka, akaikunja kadi mara moja tu, akaiweka mfuko wa shati.

Alifariki siku nane baadaye, alfajiri, akiwa anatawadha. Friji lilikuwa bado ndani ya boksi lake sebuleni, kwa sababu alikuwa akimsubiri fundi aje kuweka soketi.

Mama akakaa eda. Miezi minne na siku kumi, na boksi lile limesimama pale pale, yeye ameketi kwenye mkeka chini yake. Nilimwambia tulifungue, ni kwa ajili ya afya yake. Shangazi naye alimwambia dini haimkatazi. Mama alikataa.

"Watu watasema mume hajapoa kaburini, mjane anafungua maboksi," alisema. Kisha, shangazi alipotoka, akaniambia la kweli: "Alilileta kwa mikono yake, mwanangu. Mie nitalichanaje?"

Basi dawa ikakaa ndani ya mtungi wa maji, kichupa kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, kama walivyomwelekeza kliniki kwa watu wasio na friji. Ulikuwa msimu wa mvua, ikavumilika. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kwamba huku boksi limefungwa, waranti inatembea. Nami nilikuwa nimeisoma kadi ile mara nyingi kuliko mtu yeyote. Mama alisomea chuo cha Kurani, Kiarabu anakisoma vizuri, lakini herufi zetu hizi zinampa taabu. Kadi aliiweka ndani ya kofia ya baba, juu ya kabati, na kila nilipokwenda Mbagala alinipa. "Nisomee." Nilisoma yale maneno mawili matatu ya mwisho ambayo baba aliwahi kuandika hapa duniani. Yeye alikuwa akifuata kwa nyuma, kidole kikipita juu ya vile vituta vya kalamu, mpaka akafika mahali anaijua kila herufi kwa ncha ya kidole.

Friji tuliliwasha Juni. Likafanya kazi miezi minane, halafu siku moja ya Februari likatoa sauti ya kukohoa, likanyamaza. Fundi wa mtaani akalipima, akasema kompresa imekufa. "Friji jipya hili," alisema, akitikisa kichwa. "Hii haikupaswa."

Februari ya Mbagala mnaijua. Maji ya mtungini yalikuwa vuguvugu kufika saa nne. Sukari ya mama ikaanza kupanda, na muuguzi wa kliniki akanieleza bila kuzunguka: apate friji au ahamie mahali penye friji. Mahali hapo palikuwa kwangu Kibamba. Kununua jingine hatukuweza; lile lilikuwa limemaliza kiinua mgongo cha baba.

Nilimwambia mama habari ya Kibamba. Alikuwa akichambua mchele, akaendelea kuchambua.

"Mie nikiondoka hapa, mwanangu, nimemfukia baba yako mara ya pili," alisema.

Nilichukua kadi kutoka kwenye kofia ili niende nayo Temeke. Alinishika mkono. "Irudi kama ilivyoondoka." Nikamwambia itarudi.

Dukani nilimkuta yule yule kijana. Alinikumbuka, akanipa pole nilipomwambia baba amefariki, kisha akaitazama kadi na uso ukambadilika.

"Sista, ishu ni tarehe. Waranti imekwisha."

"Friji limefanya kazi miezi minane tu. Lilikuwa kwenye boksi, tulikuwa na eda."

"Naelewa, sista. Ila kadi haijui eda." Akainamisha kichwa, akaongeza kwa sauti ya chini, "Mzee angeacha wazi, ningekusaidia. Nilimwambia."

Nilitoka pale nimejaa hasira, na aliyenikasirisha alikuwa baba. Nasema wazi kwa sababu niliona aibu sana baadaye. Nilisimama kwenye kivuli cha ukuta nikamsema marehemu kimoyomoyo: wewe na mistari yako, wewe na milango yako ya wezi. Mwezi wa kwanza ulioandikwa kwa tarakimu ni kitu chepesi kugeuza. Ukiweka kijimstari, moja inakuwa nne. Nilikuwa na kalamu nyekundu ya kusahihishia na nyingine ya bluu. Niliitoa ya bluu, nikaifungua kifuniko. Kisha nikaiona tarehe ilivyozama kwenye karatasi, nikajua kwamba mkono wangu hautaweza kuzama kiasi kile. Nikafunga kalamu.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenielekeza kwenye ofisi moja ya serikali mjini, inayosikiliza malalamiko ya wanunuzi. Nilikwenda nikiwa sitarajii kitu. Ofisa alikuwa baba wa makamo mwenye miwani, mpole, asiye na haraka. Alisoma kadi mbele, akaisoma nyuma, akarudi mbele, akakaa na yale maneno ya chini kwa muda.

"Nani ameandika hapa?"

"Marehemu baba."

"Na muhuri huu wa pili ni wa duka?"

"Aliwaomba wagonge."

Akavua miwani. Akanieleza kwamba waranti ni ahadi ya muuzaji, anaiweka kwa hiari yake na kwa muda anaotaka, lakini haifuti haki nyingine za mnunuzi. Mtu ukimweleza muuzaji unanunua kitu kwa kazi gani, naye akakubali kukuuzia, basi kitu hicho sharti kiifanye kazi hiyo kwa muda ambao mtu mwenye akili zake angeutarajia. "Friji la miezi minane si friji," alisema. "Na watu huja hapa kila siku hawana uthibitisho kwamba walisema lolote. Baba yako ameandika, na duka likagonga muhuri." Nilijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Nilikuwa nimemtukana mtu ambaye alikuwa ameniwekea silaha mkononi.

Aliniandikia barua, nikaipeleka Temeke. Safari hii nilipelekwa ndani kwa mwenye duka. Hakuwa mtu mbaya. Aliisoma barua mara mbili, akaomba kadi, akasoma mwandiko wa baba kwa sauti.

"Mama anaendeleaje?"

"Sukari iko juu."

"Nitabadilisha kompresa," alisema. "Mafundi wangu watakuja Mbagala kesho. Lakini kadi hii inabaki. Naipeleka kwa wakala wa kiwanda, na wakala hapokei nakala. Bila kadi halisi, kompresa hiyo anipe nani?"

"Itarudi?"

"Hairudi, dada. Sitakudanganya."

Sasa nifike hapa nilipokuwa nakwepa tangu mwanzo. Simu ilikuwa mkononi mwangu. Ilikuwa na chaji na salio. Mama alikuwa nyumbani, na angepokea. Kuuliza si ujinga, ndiyo methali ninayowaandikia wanafunzi wangu ubaoni kila mwaka. Nilijua kwamba nikimpigia atasema hapana, na nilijua hapana hiyo ingemleta Kibamba au ingemrudisha sakafuni jikoni. Nikaamua kwa niaba yake. Niliipiga kadi picha mbele na nyuma, nikaiweka juu ya meza ya yule bwana.

Mafundi walikuja kesho yake kama alivyoahidi. Kufika alasiri friji lilikuwa linanguruma. Mama akaweka kichupa mlangoni mwa friji, akaweka kiganja ndani kupima baridi, akaniombea dua ndefu ya kuniondolea dhiki duniani na akhera. Kila neno la dua ile lilinichoma.

Ile picha niliipeleka kwenye duka la vifaa vya ofisi, wakaichapa kwa rangi kwenye karatasi ngumu ya ukubwa ule ule. Nilimwomba dada aliyeichapa aikunje mara moja katikati. Kwa macho usingeitofautisha. Muhuri ulikuwa zambarau ile ile, na wino wa baba bluu ile ile. Wiki iliyofuata nikaenda nayo Mbagala.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karatasi ya baba yako umekuja nayo?"

Nikampa. Akaketi kwenye mkeka, akaifungua mapajani. "Nisomee," akasema, nami nikaanza kusoma: Friji hili nimelinunua kwa ajili ya dawa ya mke wangu. Kidole chake kilikuwa tayari kimeingia nyuma ya karatasi, kinasubiri. Nilimwona akikipitisha mara ya kwanza. Akakirudisha mwanzo, akapitisha tena, polepole zaidi. Nikaacha kusoma.

"Hii haina mkono wake," alisema.

Nikamweleza yote: mwenye duka, wakala, kompresa, simu iliyokuwa mkononi. Sikujitetea, au nilijitetea kidogo, nikataja sukari. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Hakulia. Aliikunja ile nakala, akainuka kwa kushika ukuta, akaiweka ndani ya kofia ya baba juu ya kabati.

"Ungeniuliza tu," alisema. "Labda ningekwambia ndiyo."

Kisha akaenda kwenye friji, kwa sababu wakati wa sindano ulikuwa umefika.

Mwaka sasa unakaribia. Friji linafanya kazi, sukari imeshuka, na mama yuko nyumbani kwake. Nikifika ananipikia, anauliza habari za wajukuu, ananitania kwamba nimenenepa. Ile kofia iko pale pale juu ya kabati na hajawahi kuninyima kitu nilichoomba. Ila hajaniambia tena nimsomee.