Vitambaa Miguuni mwa Somoe

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata nikisahau jina langu sitaisahau: siku mama mkwe wangu alipokuja kutoka kijijini kwake Narung'ombe, akanikuta nimemlaza mtoto wangu wa kwanza nikiwa nimemfunga miguu.

Tulikuwa tunaishi Nachingwea, miaka ile ya mashamba makubwa ya karanga ya Wazungu, na mume wangu alikuwa kibarua wa kung'oa visiki. Mimi bado msichana, lakini nilijiona nimestaarabika kuliko shangazi zangu wote. Niliwaona wake wa Wazungu wakisukuma watoto kwenye vigari, wamelala wamenyooka, hakuna aliyebebwa mgongoni. Basi binti yangu Somoe alipoanza kusimama kwa kushika kigoda, nyayo zake zikaelekea nje, mmoja unatazama Ruangwa, mwingine Masasi. Majirani walicheka, nami nikajua wa kulaumiwa: mbeleko. Ndiyo iliyompanua mapaja, nikasema. Nikaificha sandukuni, na kila nikimlaza nikamfunga magoti na vifundo kwa vitambaa vya kanga ili miguu inyooke. Karibu mwezi mzima. Mtoto analia, mimi nasema anadeka. Mpaka leo hilo linaniuma.

Mama mkwe hakuketi wala hakunywa maji. Alifungua vile vitambaa, akataka kumbeba mtoto kiunoni. Somoe akapiga kelele, na mguu wa kushoto ukakataa kufunguka.

"Mama Somoe, nani kakufundisha haya?"

Nikainama kuviokota vile vitambaa.

"Mtoto anayeanza kwenda hutanua miguu asianguke. Wewe ukibeba mtungi kwenye utelezi, hutanui? Sasa umefunga miguu, na anayeumia ni nyonga. Ikiwa imeteguka, huyu atachechemea mpaka uzeeni."

Asubuhi yake tukaenda zahanati ya misheni, mama mkwe amembeba yeye, maana mimi niliogopa kumuumiza tena. Sisi ni Waislamu, lakini siku ile hata kengele ya kanisa niliiona inaniombea dua. Muuguzi, mama mmoja mtu mzima, akauliza mtoto amepatwa na nini. Nilikuwa tayari kusema ameanguka. Nikamwangalia Somoe, uongo ukanishinda.

"Nimemfunga mimi, mama. Nilitaka miguu inyooke."

Hakunigombeza. Alimlaza mezani, akamkunja magoti akatazama kama yanalingana, akampima urefu wa miguu, kisha akampanua mapaja polepole, huku, halafu huku.

"Nyonga zote zimo mahali pake. Misuli ndiyo iliyokaza kwa kufungwa. Usingeniambia, ningehangaika kutafuta ugonjwa ambao hana. Mrudishe mgongoni, miguu ikumbatie kiuno chako, na mwezi ujao mlete tena."

Nililia mbele za watu, halafu nikacheka, mama mkwe naye akacheka, mtoto akatushangaa. Tulirudi nikiwa nimembeba, njia nzima nahisi nimetuliwa mzigo. Mwezi uliofuata miguu ilifunguka sawasawa. Msimu wa kuvuna ufuta ulipofika, Somoe alikuwa anafukuza kuku, na nyayo zimenyooka zenyewe bila kufungwa na mtu.

Basi, mwanangu, mtoto wako akienda na nyayo zimeelekea nje, usimcheke wala usimfunge. Wengi hunyooka wakikua. Lakini ukiona ni mguu mmoja tu unaotoka nje, au anachechemea, au mguu mmoja ni mfupi kuliko mwenzake, au akiwa mkubwa kidogo analalamika maumivu ya goti au kinena, usikae barazani kuuliza majirani. Mpeleke akapimwe nyonga. Na ukifika huko, sema ulichomfanyia, chote, hata kama kinakuaibisha. Aibu yangu ilikwisha siku ileile. Lakini nyonga zake Somoe alihitaji kuzitumia maisha yake yote.

Mungu awape watoto wako miguu ya kuwafikisha mbali, na akupe wewe ulimi wa kusema kweli mapema. Amina.