Tanzia Mbili za Kocha Velchev

Stamen Rusev alifanya kazi moja maisha yake yote: kuchapa tanzia. Mtu wa Krasen, mji wetu, akifa, ndugu zake humpelekea picha dukani, naye huchapa karatasi zenye msalaba na mpaka mweusi, zikabandikwa milangoni, kwenye miti na kituo cha basi. Huku kwetu ukitaka kujua nani katutoka, unasoma miti. Kila Jumamosi, hata hivyo, Stamen alifunga duka na kubeba ngoma yake kwenda uwanjani, kwa maana alichokipenda kuliko vyote duniani ni Loza, timu yetu. Marehemu mkewe alizoea kusema kwamba kati ya tanzia na Loza, hajui yeye ni wa ngapi.

Mwaka ule Loza iliposhuka daraja, tena kwa kufungwa na watani wetu wa ng'ambo ya mto, tulimkalia kooni kocha Metodi Velchev. Eti anapaki basi. Eti anachezesha watoto wa mtaani badala ya kusajili watu wa maana. Nayden, fundi magari mwenye mdomo kama honi, akatoa wazo: kocha achapiwe tanzia angali hai. Na Stamen akaichapa, huku akicheka peke yake dukani. "Kwa furaha kubwa tunawatangazia," ndivyo ilivyoanza. Wakaibandika mji mzima, na moja wakaibandika mlangoni kwa Velchev mwenyewe.

Aliyefungua mlango ule asubuhi alikuwa mama yake Velchev, bibi wa watu asiyejua mpira wala mzaha wa mpira. Aliona picha ya mwanawe na msalaba, akaanguka pale pale ngazini. Alipona, lakini hakutembea vizuri tena. Velchev akafungasha virago, akampeleka mama yake kijijini kwao mlimani, akalima zabibu. Uwanja wetu hakuukanyaga tena.

Makocha wakaja, makocha wakaondoka, na Loza ikazidi kudidimia mpaka tukawa tunacheza na timu za vijiji. Ndipo watu walipoanza kupiga hesabu zao upya, kwenye baa ya Lalka, glasi za rakia, ile pombe kali ya zabibu, mkononi.

"Tuseme ukweli jamani," alisema Nayden jioni moja. "Yule kocha bwana skafu, aliyemrithi Velchev, alitusaidia nini? Msimu mzima anapiga picha tu."

"Na aliyemfuata alikuwa analala kwenye benchi," akadakia Lalka. "Nilimwona kwa macho yangu. Anaamshwa na kipenga cha mwisho!"

"Afadhali Velchev," mtu akasema.

"Afadhali nini?" akapinga mwingine. " Velchev alikuwa kocha, bwana! Wale watoto wake si ndio waliochukuliwa na timu kubwa za Sofia? Angeachiwa mwaka mmoja tu, tungewaona watani wanalia."

"Sasa nani alimfukuza?" akauliza Stamen.

Nayden akaichungulia glasi yake.

"Uongozi," akasema.

Stamen roho ilimuuma usiku kucha, na asubuhi akapanda basi la mlimani.

Alimkuta Velchev shambani anapogoa mizabibu, amekonda, anakohoa.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, kocha. Stamen wa tanzia."

"Aa! Umekuja kuangalia kama maiti bado ipo?"

Stamen akavua kofia. "Nimekuja kuomba radhi. Kwa mama yako, kocha. Nisamehe."

Velchev aliendelea kukata matawi. "Mama hayupo tena. Tanzia yake nilikwenda kuchapisha mji mwingine, mbali, nisikuone."

Stamen angetukanwa angepata nafuu. Mwishowe akajikaza, akasema, "Watu wanakutaka uwanjani, kocha. Jumamosi ya kufunga msimu. Wanataka wakuone, wakupigie makofi."

"Wanataka wao au unataka wewe?"

"Wao. Na mimi."

Mkasi ukasimama. Velchev akatazama bondeni, mjini.

"Lile dimbwi la golini bado lipo?"

"Lipo."

"Niliwaambia wachimbe mfereji, wabishi nyie." Akapangusa macho kwa mkono wa shati. "Nitakuja. Ila ngoma yako usiipigie karibu yangu, kifua kibovu."

Stamen alishuka mlima ule kama kijana. Baa nzima ilishangilia, Lalka akatoa rakia ya bure, na watu wazima wakaanza kushona bendera. Nayden, haachi mambo yake, akaruka juu ya kiti.

"Sikilizeni! Tunabandika tena tanzia yake. Halafu Jumamosi mzee anatokea mlango wa wachezaji, mzima kabisa! Watu watavunjika mbavu!"

"Thubutu," Stamen akasema, "nikuvunje mbavu wewe."

Wakacheka. Walidhani naye anatania.

Alhamisi mlango wa duka ulifunguliwa na mwanamke wa makamo aliyevaa nyeusi, picha mkononi. Alikuwa Violeta, binti wa Velchev.

"Baba alilala jana, hakuamka," alisema. "Suti alishaitoa kabatini, ya Jumamosi. Ndiyo tutakayomzikia."

Stamen akaipokea ile picha.

"Tunazika kesho mchana, kijijini," Violeta akaendelea. "Nimekuja kwako kwa sababu watu wake wako huku. Nataka waje, mzee wangu. Tangu bibi afe amekaa peke yake. Asizikwe peke yake."

"Watakuja," Stamen akamwambia. "Nakuahidi watakuja."

Akaichapa, macho yamejaa machozi, akaibandika mwenyewe, mti kwa mti. Bado gundi haijakauka, Nayden akampigia simu, anacheka mpaka anakosa pumzi.

"Mzee, wewe kiboko! Ulijifanya hutaki, kumbe!"

"Nayden, amekufa. Kweli amekufa."

"Ndiyo, ndiyo, amekufa. Na Jumamosi atafufuka!"

Stamen akakimbilia baa. Lalka akamkonyeza. Akaapa kwa kaburi la mkewe, wakapiga makofi. Akalia mbele yao, mtu mzima yule, na mmoja akasema, "Hebu mwangalie, angekuwa mwigizaji huyu!" Kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kucheka, kwa sababu jina la Velchev kwenye karatasi ya Stamen tulishaliona, na mara ya kwanza tulicheka, na tulikuwa tumejifunza kucheka.

Ijumaa walizika watu watano: padri, Violeta, majirani wawili na Stamen. Jeneza lilikaa kanisani zaidi ya kawaida, maana Stamen alimwomba padri asubiri kidogo. Kila saa anatoka kutazama barabara. Haikuja hata gari moja.

"Kwani hawakuiona?" Violeta akamuuliza makaburini.

"Waliiona, binti yangu. Hawakuiamini. Kwa sababu yangu."

Violeta akamtazama sana, kisha akainamia udongo. Hakumfariji, na Stamen hakutarajia.

Jumamosi uwanja ulifurika kama zamani. Bendera ikaninginia juu ya jukwaa: KOCHA TUSAMEHE. Watu wamevaa jezi za enzi zile, sasa zinawabana matumboni, wote wamegeukia mlango wa wachezaji wakiimba jina la Velchev kwa sauti ambayo hata siku za ubingwa hatukuwahi kuitoa. Stamen alikuwa mstari wa mbele bila ngoma.

"Ngoma iko wapi, mzee?" Nayden akampigia kelele. "Anatoka sasa hivi!"

Mlango ukafunguka. Akatoka Violeta, kitambaa cheusi kichwani, mikononi sinia la ngano ya kuchemsha yenye sukari, ile tunayowapa watu wamwombee marehemu. Wimbo ulikatika mbele kwanza, kisha ukafa safu kwa safu kwenda nyuma. Kule juu kabisa waliendelea kuimba kidogo, kwa kuwa hawakuona vizuri, mpaka nao wakanyamaza.

Nayden akamgeukia Stamen, uso umempauka. "Si ulikuwa unatania?"

"Nilikwambia," Stamen akasema. "Nilikulilia."

Violeta akafika kwenye uzio, akachota ngano, akamjazia Nayden viganjani.

"Pokea, kaka," akasema. "Jana nilipika ya watu wengi. Imebaki."