Besi Niliyoiharibu Mimi

Sina haya kusema: nilimwonea wivu. Nilikuwa nimefundisha kwaya ya kanisa letu pale Tukuyu miaka kumi na moja, kwa do-re-mi za kuokoteza, nikitembea kutoka Kawetele kwenye matope na mvua yetu isiyokoma. Halafu akaja yeye, kijana wa Masoko, katoka chuo cha muziki, anasoma nota za mistari kama wewe unavyosoma gazeti, na nyimbo anatunga mwenyewe. Anatunga! Mimi maisha yangu yote nimenakili za watu.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa. Madukani redio kaseti zilijaa mpaka barazani, na kila kwaya ilitaka kaseti yake. Yetu ikapata nafasi ya kwenda kurekodi Mbeya. Wazee wa kanisa wakasema watakuja mazoezi ya Jumamosi wasikilize, ndipo waamue nani atasimama mbele ya kwaya siku ya kurekodi, mimi au yeye. Jamani, miaka kumi na moja, eti mimi au yeye!

Wimbo wenyewe ulikuwa wake. Akaniletea karatasi nyumbani. "Mwalimu, naomba unisaidie kunakili. Mwandiko wako wameuzoea." Adabu zake nazo zilinichefua. Angekuwa na majivuno ningepata pa kumshikia.

Kwetu kila sauti hujifunza peke yake kwanza. Yeye alibaki kanisani na soprano na alto, mimi nikapewa wanaume, sauti ya tena na ya besi, huko nje kwenye mibuni. Mtu hajui mwenzake anaimba nini mpaka siku ya kuunganisha. Hapo kijiba cha roho kikanituma. Mwishoni besi walitakiwa washuke kwenye do, wimbo utulie. Badala ya do nikawaandikia la, wimbo uyumbe. Nota moja tu, na karatasi ya kaboni ikaifikisha kwa wanaume wote wa besi. Wakaikariri bila swali. Mwalimu akishaandika, nani ataanza kubisha?

Jumamosi wazee wakakaa benchi la mbele. Kijana akanyanyua mikono, wimbo ukaanza. Mimi nimesimama nyuma ya besi, naingoja aibu yake. Tukafika pale. Soprano wakatulia kwenye do, besi wakaangukia la.

Yesu wangu! Wimbo haukuharibika. Ulifunguka. Ulikuwa unakwisha, sasa ghafla hautaki kwisha. Mama mmoja wa alto akajishika mdomo. Kijana alibaki na mikono juu, kisha akasema polepole, "Turudie mstari huo, halafu besi mmalizie do." Wakarudia. Mzee mmoja, ambaye sijawahi kumsikia akimsifu mtu, akasema, "Ndaga fijo, mwanangu, asante sana," huku anapangusa macho. Waliamua palepale asimame yeye kijana, hata nje hawakutoka kushauriana.

Kaseti ilipotoka, ikawa ni wimbo ule tu. Stendi wanaupiga, Kyimo wanauimba shambani. Na watu walikuwa wanangoja pale pale, kwenye la yangu. Mke wangu anamenya ndizi, wimbo ukifika hapo ananyanyua kisu: "Sikia, sikia! Huyu kijana kapewa na Mungu." Roho iliniuma, nikatamani kupiga kelele. Kapewa na Mungu wapi? Kapewa na mimi! Lakini ningeanzia wapi kueleza?

Baadaye akapata kazi ya kufundisha muziki Dar es Salaam, akaja kuniaga. Nikashindwa kujizuia. "Ile la ya besi ni yangu," nikamwambia. Usidhani nilikuwa natubu. Nilikuwa nadai changu.

"Najua, mwalimu," akasema. "Niliiona karatasi ya besi siku ileile."

"Mbona hukuwaambia watu?"

Akatazama chini. "Ningewaambia ni wewe, wangeniuliza mimi nilikuwa nimeandika nini. Halafu wangekuuliza wewe kwa nini ulibadilisha."

Nilitakiwa kumshukuru. Nilijua kabisa. Badala yake nikasema, "Haya, nenda ukatunge mwingine bila mimi, tuone."

Ametunga nyingi tangu hapo. Nimezisikiliza moja moja, nikitafuta penye kasoro. Zote nzuri.